Nimeacha karibu vyakula vyote, tumbo halijaniacha

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinicheke. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36, nakaa Morogoro na mume wangu na watoto wetu watatu. Tumbo linanisumbua tangu mwaka juzi. Linaanzia hapa kwenye chembe ya moyo, linawaka, halafu linajaa. Nikila matonge machache tu najiona nimeshiba kupita kiasi. Nacheua mpaka wateja wanageuza uso. Siku nyingine kiungulia kinapanda hadi kooni, hasa nikiinama kwenye cherehani.

Nilikwenda zahanati, wakanitoboa kidole, wakaniambia nina H. pylori, bakteria wa tumboni, na vidonda vya tumbo vimeanza. Nikapewa dozi, nikaimaliza. Baada ya muda tumbo likarudi, nikapimwa tena, jibu lilelile, dozi nyingine. Sasa nimemaliza dozi ya tatu na wiki iliyopita kipimo bado kinasema ninaye. Nimekata tamaa.

Katikati ya hayo yote jirani yangu akanitumia kwenye simu orodha ya vyakula ambavyo mtu wa vidonda hatakiwi kuvigusa. Niliifuata yote. Maharage, mbaazi na choroko niliacha kwa sababu ya gesi. Mchicha na matembele, gesi. Nyanya, machungwa, maembe na nanasi, asidi. Mayai, dagaa na nyama nyekundu, wanasema ni vizito. Pilipili siisogelei. Kilichobaki ni hiki: asubuhi chai ya maziwa ya moto sana na maandazi. Mchana sili, kazi hainiruhusu, nikizidiwa nakunywa maziwa baridi kuzima moto na biskuti kidogo. Usiku tunakula saa nne baada ya kufunga ofisi, wali wa nazi au ugali na samaki wa kukaanga. Hapo nakula kwa kujishindilia maana nimeshinda na njaa, kisha nalala.

Tumbo likichachamaa nameza omeprazole, au nalamba magadi. Mgongo nao unauma kwa sababu ya kukaa kwenye cherehani kutwa, kwa hiyo diklofenaki naimeza karibu kila siku, na mara nyingine nachomwa sindano yake ili isiguse tumbo.

Shangazi, sasa limeingia jambo jipya. Nimechoka mwili mzima. Nikipanda kilima kidogo cha kurudi nyumbani moyo unadunda mpaka nakaa chini. Nguo zangu mwenyewe zinanipwaya, na mimi ndiye fundi. Na hili naona aibu kulisema: natafuna udongo, ule unaouzwa sokoni, na mchele mbichi. Mume wangu hajui. Mama mkwe anasema ninywe juisi ya kabichi mbichi kila asubuhi, vidonda vitakauka. Jirani anasema kuna chakula bado sijakiacha ndiyo maana siponi. Niache nini tena?

Fundi wa Moro

*

Marahaba mwanangu, na pole. Wa kukucheka hapa hayupo. Barua za namna yako ninazipokea nyingi, na nyingi zina ile orodha ya jirani ndani yake.

Unauliza uache nini tena. Acha diklofenaki na magadi. Chakula usiache tena hata kimoja, labda maandazi. Ninavyoisoma barua yako, tumbo lilianza na sababu zake, lakini uchovu huu unaokukalisha chini njiani una kila dalili ya kuwa umetokana na kupunguza, kupunguza, kupunguza. Tazama kilichobaki kwenye sahani yako: unga mweupe, sukari, maziwa na mafuta ya kukaangia. Samaki ndiye pekee anayekutetea.

Tutafika jikoni, lakini kwanza hospitali, tena wiki hii. Moyo unaodunda kwenye kilima, nguo zinazopwaya bila wewe kukusudia kupungua, na hamu ya udongo na mchele mbichi, hivyo vitatu vikikaa pamoja vinanifanya nishuku upungufu wa damu. Hamu ya kutafuna vitu visivyo chakula, iwe udongo, barafu au mchele mbichi, huwapata sana watu waliopungukiwa madini chuma. Si tabia mbaya wala si ushirikina, ni dalili, na unamwambia daktari vilevile ulivyoniambia mimi. Mumeo pia mwambie. Tatizo ni kwamba udongo wenyewe hushika madini chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini, kwa hiyo kadiri unavyoutafuna ndivyo upungufu unavyozidi. Wakati mwingine hubeba pia mayai ya minyoo au madini ya risasi.

Omba upimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita hiyo ni anemia, na hauko peke yako: uchunguzi wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015-16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa nayo. Lakini jibu likiwa chini, usiridhike kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Uliza damu imekwenda wapi. Kwako kuna njia mbili zinazowezekana, na huenda zote zinafanya kazi: madini hayaingii kwa sababu umeacha vyakula vyenye madini hayo, na damu inatoka kidogo kidogo kwenye kidonda bila wewe kuona. Kuna na ya tatu ambayo hukuitaja, siku zako. Kama unatokwa na damu nyingi, sema. Kama zimechelewa, sema pia, maana mimba nayo huleta kiungulia na hamu za ajabu.

Mtu mwenye tumbo la kuwaka, aliyepungua uzito na kupungukiwa damu, anastahili kipimo cha kamera, yaani ule mpira mwembamba unaopitishwa kooni mpaka tumboni. Watu wanakiogopa kuliko kinavyostahili. Ni dakika chache na koo hupuliziwa dawa ya ganzi. Hospitali ya wilaya isipokuwa nacho, waombe wakupe rufaa. Na kama kabla ya hapo utatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, ukapata choo cheusi cha kunata kama lami, au chakula kikaanza kukwama kooni, usisubiri tarehe yoyote. Nenda siku hiyohiyo.

Sasa huyo H. pylori asiyekufa. Kipimo cha kutoboa kidole hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili wako ulitengeneza kupambana naye. Kingamwili hizo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo inawezekana kabisa dozi ya kwanza ilimmaliza, na hizo mbili zilizofuata ulizimeza kumpiga maiti. Ukipimwa kwa kidole mwakani huenda jibu likawa hilohilo. Kinachojibu swali lako ni kipimo cha choo, au cha pumzi pale kilipo, na kina masharti: ziwe zimepita wiki 4 tangu umalize antibiotiki, na wiki 2 bila omeprazole, la sivyo bakteria hujificha na jibu likaja la uongo. Kikionyesha kweli yupo, mwambie daktari majina ya dawa zote ulizokwishameza. Bakteria aliyenusurika mara moja na klarithromaisini, moja ya antibiotiki za kumuua, huwa amejifunza kuishi nayo, na kurudia dozi ileile ni kumnoa tu.

Na aliyekuambia "vidonda vimeanza" kwa kutazama damu ya kidole alikuwa anakisia. Kidonda huonekana kwa kamera. Barani Afrika watu wazima wengi tuna bakteria huyu, na wengi wetu hatutapata kidonda maisha yetu yote. Wanaochunguzwa kwa kamera kwa sababu ya tumbo kuwaka na kujaa, walio wengi hawakutwi na kidonda chochote. Maumivu yao ni ya kweli. Sehemu ya juu ya tumbo lao hailegei vizuri kupokea chakula, au chakula kinakawia kushuka, au mishipa ya fahamu ya pale inahisi kupita kiasi jambo ambalo mwingine asingelihisi. Matonge machache na umeshiba, hiyo ni sura yake hasa, ingawa mpaka kamera ipite siwezi kukuambia kuwa ni hiyo.

Kuhusu ile orodha, nina ugomvi nayo wa miaka mingi. Zamani madaktari waliamini kidonda cha tumbo kinaletwa na pilipili, mawazo na asidi, basi wagonjwa wakapewa vyakula vyeupe vilaini. Mwaka 1915 daktari mmoja wa Chicago, Bertram Sippy, alichapisha tiba ya kuwanywesha wagonjwa maziwa na krimu kila saa, na lishe ya namna hiyo ikatawala hospitali kwa miongo mingi. Kisha Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria. Marshall alifika mahali akamnywa bakteria huyo mwenyewe, mwaka 1984, akaugua tumbo, ili wabishi wakubali. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kikubwa cha pili cha vidonda ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Maharage hayamo kwenye hesabu hiyo. Mchicha haumo. Orodha za kwenye simu bado zinaishi wakati wa Sippy.

Hiyo diklofenaki yako ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Mwili una kemikali zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo isiunguzwe na asidi, na dawa hizi huzizima kemikali hizo. Sindano haisaidii kitu, maana dawa huzizima ikiwa ndani ya damu, haihitaji kupita mdomoni. Kwa mgongo tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, na muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo ukifika hospitali.

Magadi nayo yakikutana na asidi hutoa gesi palepale. Ule mcheuo unaodhani ni nafuu ni magadi yenyewe yanatoka. Yana sodiamu nyingi, presha haiyapendi. Na ukiyatia kwenye maharage au mboga ili ziive haraka yanaharibu vitamini B1, kwa hiyo hata kwenye sufuria yaondoe.

Omeprazole ni dawa nzuri, ila wewe unaimeza ovyo. Haizimi moto uliokwisha kuwaka. Hufunga pampu za asidi pale zinapoamshwa na chakula, kwa hiyo humezwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa wiki ambazo daktari amepanga, kisha inaachwa. Ukiimeza miezi na miaka bila mpango inapunguza asidi ambayo mwili unaihitaji kufyonza madini chuma na vitamini B12, na wewe huna cha kupunguza. Usianze tena mpaka kipimo cha choo kifanyike, isipokuwa daktari aseme vingine.

Haya, jikoni.

Kosa kubwa la mlo wako ni saa. Unashinda bila kula, halafu saa nne usiku unalipakia tumbo mlo wa siku nzima, tena wa mafuta, kisha unalilaza. Tumbo lisilotaka kutanuka unalilazimisha litanuke kwa mara moja. Ukila kidogo mara nne au tano kwa siku, chakula kilekile kinaweza kupita bila ugomvi. Najua utasema kazi. Mafundi wote wanasema kazi, hasa zikikaribia sikukuu. Basi hotpoti iende na wewe ofisini, na ukila usiiname cherehani papo hapo, maana ukijikunja unaminya tumbo na asidi inapanda kooni. Panga kazi ya kukata vitambaa iwe baada ya kula, ile unayoifanya umesimama mezani. Kushona kungoje.

Mafuta yanafuata. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni inayoliambia tumbo lipunguze mwendo. Kwa mwenye tumbo zima hilo halina shida, hukaa ameshiba. Kwako chakula kinakaa, kinajaa, kinacheusha. Sasa hesabu: maandazi yamekaangwa, samaki amekaangwa, wali una tui zito. Orodha ilikunyang'anya mchicha ikakuachia maandazi! Samaki huyohuyo mchemshe au mchome, mtie nyanya na kitunguu kidogo. Wali wa nazi uwe wa Jumapili mchana, kwa tui jepesi, si wa saa nne usiku.

Maharage yanasingiziwa. Gesi ya maharage hutengenezwa kwenye utumbo mpana, huko chini, ambako bakteria huchachua sukari fulani ambazo sisi hatuna uwezo wa kuzimeng'enya. Inaweza kukutia aibu mbele ya watu lakini siyo inayowaka kwenye chembe ya moyo. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa, anza na vijiko vichache. Choroko ni nyepesi zaidi, anza nazo. Na kama gesi ndiyo hoja, ngano nayo ina sukari za namna hiyo, lakini chapati na maandazi hazikutajwa.

Maziwa nayo umeyapa kazi isiyo yao. Ni kweli yanapoza kwa muda mfupi. Kisha protini na kalsiamu yake huliamsha tumbo litoe asidi zaidi, na baada ya saa moja au mbili unarudi palepale, unaongeza glasi nyingine. Zaidi ya hapo, wengi wetu tukishakuwa watu wazima hatuna tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa. Jamii za wafugaji kama Wamasai wengi wao wanacho, lakini Wabantu wa mashambani walio wengi hawana. Mtu wa namna hiyo maziwa mabichi au ya chai humjaza tumbo. Jaribu wiki mbili bila maziwa, tumia mtindi, ambao bakteria wake wameshavunja sehemu ya sukari hiyo. Tumbo likitulia, umepata mtuhumiwa mmoja wa kweli.

Chai. Kwanza iache ipoe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki unajulikana kwa saratani hiyo. Pili, tanini za chai hushika madini chuma ya mimea na kuyazuia. Kunywa chai mbali na mlo, saa moja kabla au baada. Asubuhi chukua uji mwepesi wa ulezi, na ukiweza kupata kimea cha ulezi ni bora zaidi, maana kuchipua kunapunguza vile vizuizi vya madini vilivyomo kwenye nafaka.

Mchicha, matembele na kisamvu vilivyoiva vizuri sijaona sababu yoyote ya kuvikimbia. Mayai ya kuchemsha vilevile. Dagaa ndio usiowatendea haki kabisa. Wakaushwe, wasagwe, kijiko kimoja au viwili kwenye mboga, hakuna uzito wowote hapo. Mwanamke wa umri wako anahitaji takribani miligramu 18 za madini chuma kwa siku, na ya samaki na nyama mwili huyapokea kwa wepesi kuliko ya majani na kunde. Kipande kidogo cha nyama isiyo na mafuta, iliyochemshwa ikalainika, kikikaa sahani moja na mchicha kinausaidia hata mchicha wenyewe. Chungwa au papai hufanya kazi hiyohiyo kwa vitamini C yake. Kama chungwa linakupandishia kiungulia, chukua papai au pera na usilaumu matunda yote. Nyanya iliyopikwa nayo ijaribu kidogo.

Pilipili peke yake nitakubaliana na jirani kwa sasa. Haileti kidonda, lakini inaamsha hisia za kuwaka kwenye tumbo ambalo tayari linalia. Iache mpaka utulie.

Usirudishe vyote kwa siku moja, maana likiuma hutajua ni nani. Kimoja, siku mbili tatu, kiasi kidogo, kisha kingine. Una daftari la vipimo vya wateja. Chukua kurasa za nyuma uandike ulichokula, saa ngapi, na tumbo lilisemaje. Nasisitiza kuandika kwa sababu woga nao una nguvu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Gut lilichapisha utafiti ambao wagonjwa wa tumbo kama lako walipewa mtindi. Walioambiwa una mafuta mengi walijisikia vibaya zaidi hata pale ulipokuwa na mafuta kidogo. Baada ya miaka miwili ya kuogopa maharage, huenda tumbo likajikunja kwa kuyaona tu sufuriani. Lipe muda, jaribu tena wiki nyingine siku ambayo hukugombana na mteja wala kudaiwa rejesho la mkopo.

Kabichi ya mama mkwe ina historia, usimdharau. Mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa California aliandika kwamba wagonjwa 13 wa vidonda waliokunywa juisi ya kabichi mbichi walipona upesi. Lakini walikuwa 13, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nao, na vidonda vingine hupona vyenyewe. Kabichi mbichi kwa wingi hivyo kwenye tumbo linalojaa itakuongezea gesi. Mshukuru mama, mwambie ataipika nusu ya kabichi kwa karoti na mafuta kidogo, wewe utaila jioni. Tangawizi anaweza kukuwekea kwenye maji ya vuguvugu. Hiyo kuna majaribio yaliyoonyesha kuwa inaharakisha chakula kushuka.

Jioni kula mlo wako ofisini saa moja, kabla ya kufunga. Saa nne ukikaa na familia chukua kidogo sana, au bakuli la mtindi, ukaongee nao. Kati ya mlo wenye uzito na kulala ziwepo saa tatu. Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa tofali chini ya miguu yake, mito haitoshi, na lala ubavu wa kushoto.

Ukipewa vidonge vya madini chuma, jua kwamba navyo huchokoza tumbo, na wengi huviacha kwa sababu hiyo wakisema vidonda vimerudi. Omba daktari akupangie kimoja siku moja, siku inayofuata unapumzika. Mwili huyapokea vizuri tu kwa mtindo huo na kichefuchefu hupungua. Vimeze na juisi ya chungwa au maji, visikutane na chai, maziwa wala udongo. Choo kitakuwa cheusi chenye ukijani, ni vidonge vyenyewe. Kikiwa cha kunata na harufu mbaya isiyo ya kawaida, hicho ni kingine, na siku hiyo cherehani inafungwa.